Maoni: Usimketishe Mzee Kutwa



Katika kambi zetu kila mama anaujua mkanda wa rangi tatu. Mhudumu wa afya anauzungusha kwenye mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59, na ukionyesha chini ya sentimita 11.5, yaani kwenye nyekundu, mtoto anapelekwa haraka kwenye matibabu ya utapiamlo. Kwa mtoto mdogo, unene wa mkono unasema kweli. Kwa mtu mzima, na hasa mzee, unene hausemi yote. Inabidi tuulize pia: je, ana nguvu? Ninaliandika hili kwa sababu naona tunawadhoofisha wazee wetu kwa heshima.

Tazama mambo yanavyokwenda. Mzee aliyelima shamba lake Fizi au Uvira mpaka siku ya kukimbia anafika hapa Muyinga, katika kambi ya Kinama. Shamba hana, mifugo hana. Watoto, kwa adabu njema, wanamwambia: "Babu, kaa, pumzika." Maji analetewa, kuni zinaletwa, chakula anawekewa mbele yake. Baada ya miezi michache hawezi kufika chooni bila kushikwa mkono. Tunasema ni uzee. Mara nyingi si uzee peke yake, ni kukaa.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, kikundi kidogo cha wazee wenye afya njema walilala kitandani siku 10. Hawakuwa wagonjwa, walilala tu. Miguu yao ilipoteza karibu kilo moja ya nyama.

Habari njema ni kwamba nguvu hurudi. Mwaka 1990 mjini Boston, wazee 10 dhaifu wenye umri wa miaka 86 hadi 96 walifanya mazoezi ya miguu kwa wiki 8. Nguvu za miguu ziliongezeka zaidi ya mara mbili, lakini misuli ya mapaja iliongezeka unene kwa asilimia 9 hivi tu. Kwa nini? Kwa sababu nguvu haitoki kwenye nyama peke yake. Ubongo na mishipa ya fahamu hujifunza upya kuiamsha misuli iliyokuwa imelala. Mwaka 2006 utafiti mwingine wa wazee zaidi ya 2,000 huko huko Marekani ulionyesha kwamba waliopungukiwa na nguvu ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya kufa mapema. Wingi wa misuli haukueleza hatari hiyo.

Si habari za Wazungu tu. Mwaka 1986 watafiti waliwapima wanawake Waluo na Wakikuyu nchini Kenya wakiwa wamebeba mizigo. Waliweza kubeba hadi moja ya tano ya uzito wao bila mwili kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Siri yao ilikuwa katika mwendo waliouzoea kwa miaka mingi. Na hapa hapa Burundi, wapo wapiga ngoma wa Gishora, karibu na Gitega. Wanaingia uwanjani na ngoma nzito za gogo vichwani, wanapiga, wanaruka. Ngoma hizo ziliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014. Hakuna anayewauliza vifua vyao vina upana gani.

Kwa hiyo nanyi vijana mnaonyanyua vyuma vya saruji ili mikono ijae, siwakatazi. Ila jueni kwamba miguu nayo ni misuli, na ndiyo itakayowabeba mkizeeka.

Najua mtaniuliza: "Mgao wenyewe hautoshi, utatuambiaje tufanye mazoezi?" Swali ni la haki. Mazoezi hayachukui nafasi ya chakula, na misuli hujengwa kwa maharage, ndagala na karanga pale vinapopatikana. Ndiyo maana nasema pia kwamba mzee asigawiwe chakula wa mwisho, akabaki na ugali na mchuzi mtupu. Lakini kusimama na kukaa mara chache hakumalizi mgao wa mtu, na kukaa kutwa hakuhifadhi nguvu. Kunaziondoa.

Fanyeni hivi nyumbani. Chukua benchi imara, iegemeze ukutani. Mzee aketi, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara 5, huku mtu amesimama karibu naye. Akitumia zaidi ya sekunde 15, au asipoweza, huenda nguvu za miguu zimepungua. Basi aanze kwa kujisukuma na mikono, mara chache asubuhi na jioni, akiongeza kidogo kidogo. Asibane pumzi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara angalau siku 3 kwa wiki.

Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu, viungo vilivyovimba au homa asianze kabla ya kuonana na muuguzi wa kituo cha afya. Vivyo hivyo mtu mzima aliyekonda sana au aliye kwenye matibabu ya utapiamlo: kwanza apate nafuu.

Mwisho, ninaomba jambo moja kwa kila familia. Mwachieni mzee kazi moja ya kila siku iliyo yake: kuchota bidoni ya lita 5, kupalilia tuta la lengalenga nyuma ya nyumba, au kumsindikiza mjukuu shuleni. Mpe fimbo, mfuate pole pole, msaidie penye mteremko. Akichoka apumzike, kisha ainuke tena.