Jina la Kuku Ng'ambo ya Bahari

Mkulima wa Makindu apelekaye kuku sokoni humwita ndege huyo "nguku", na mwenyeji wa Bukini, kisiwa kiitwacho leo Madagaska, humwita "akoho". Tena ng'ombe kwake ni "omby", na mbwa ni "amboa". Mkamba asikiaye hayo atadhani amepata ndugu.

Lakini Mbuki huyo akianza kuhesabu, udugu hukatika: isa, roa, telo, efatra, dimy. Atakayemwelewa kidogo ni mtu wa Fiji, kule mbali katika Bahari ya Pasifiki, ambaye mbili kwake ni "rua" na tatu ni "tolu". Jiwe nalo huitwa "vato" Bukini, na "vatu" Fiji. Lugha hizi ni za ukoo mmoja uitwao Kiaustronesia, wenye lugha zipatazo 1,200, na chimbuko lake, kwa maoni ya wataalamu wengi, ni Taiwani. Mwaka 1951 Mnorwe Otto Christian Dahl alionyesha kwamba ndugu wa karibu wa Kibuki ni Kimaanyan, lugha ya kusini mwa kisiwa cha Borneo.

Basi kuku aliingiaje? Mabaharia wale walikuja na hesabu zao na majina ya mawe, lakini majina mengi ya mifugo waliyapata kwa Wabantu. Mtu hupokea jina pamoja na kitu, na mara nyingi pamoja na mafunzo ya kukitunza. Kwa hiyo asemaye kwamba watu wa bara hili walikuwa wanafunzi tu wa wageni na aeleze kwanza neno "omby". Wao nao hawakuja mikono mitupu: ngalawa ya pwani yetu, yenye mirengu ya kuizuia isipinduke, yaaminiwa kuwa ni ya asili yao.

Ushahidi wa namna hii umo pia katika lugha ndogo ndogo zisizojulikana. Vanuatu, nchi ambayo watu wake wote hawafiki nusu ya watu wa Makueni, ina lugha zaidi ya 100 za ukoo huo, na baadhi zina wasemaji mia chache tu. Karibu zaidi nasi, kisiwani Mayotte, viko vijiji visemavyo Kibushi, ambacho ni Kibuki hicho hicho, jirani na vijiji vya lugha iliyo ndugu ya Kiswahili. Shuleni watoto wa pande zote mbili husomeshwa kwa Kifaransa.