Maniema: kabla ya maabara, dume la mbuzi na chanjo

Kijana mfugaji wa Kasongo akifungua simu leo anaweza kuona munganga wa mifugo wa nchi ya mbali akitoa kiinitete, yaani mtoto angali mdogo sana, katika tumbo la alpaka wa bei kubwa na kukiweka katika tumbo la alpaka wa kawaida. Dubai wanafanya vile kwa ngamia. Atauliza: na huku Maniema, lini? Swali ni la haki. Lakini jibu lianze na mbuzi.

Alpaka na lama hubeba mimba zaidi ya miezi 11, na karibu kila mara mtoto ni mmoja. Mama mzuri atazaa watoto wachache mpaka uzee wake, ndiyo maana wenye mali wanatafuta matumbo ya wengine. Mbuzi hubeba miezi 5 tu, tena mara nyingi anazaa wawili. Kile ambacho wengine wanakitafuta kwa mashine, mbuzi wa kijiji anacho tayari.

Kwa nini basi mazizi hayajai? Mbuzi anafungwa kamba asile muhogo wa jirani. Anataka dume siku 1 au 2 tu kila wiki 3, na siku hiyo dume hayuko. Au yuko, lakini ndiye baba yake. Na kuna kosa kubwa zaidi: dume likinenepa ndilo linalouzwa kwanza, ili kulipa minervali ya watoto au mahari, na kazi ya kuzalisha inabaki kwa vidume vidogo. Hakuna wa kumlaumu mzazi mwenye deni la shule. Lakini hivyo mbegu nzuri ya kijiji inaenda sokoni.

Halafu magonjwa. Mwaka 2012 shirika la FAO lilipiga kelele juu ya tauni ya mbuzi na kondoo hapa Kongo. Ugonjwa huo unaua, na mbuzi mwenye mimba huitupa. Chanjo moja hulinda miaka 3, ila kawaida inataka baridi tangu kiwandani mpaka kijijini. Ukiongeza mbung'o, na watu wenye silaha ambao huko Kabambare wamekimbiza raia na kuwaachisha mifugo, hesabu inaeleweka.

Wengine watasema tutabaki nyuma. Kweli, Kenya ina kituo cha mbegu za ng'ombe Kabete tangu 1946. Lakini mbegu ile inasafiri katika baridi kali, kwa barabara inayopitika, na inamkuta munganga wa kuipokea. Tena kiinitete hata kikiwa bora namna gani, mimba inategemea mama anayekipokea. Akiwa amekonda na ana homa, hataibeba.

Vijiji vitatu au vinne vya jirani vinaweza kukubaliana leo: dume moja bora kwa majike 20 hivi, lisiuzwe, na libadilishwe na la kijiji kingine kabla binti zake hawajakomaa. Madume mengine yahasiwe yanenepe kwa soko. Hiyo haitaki pesa ya Kindu. Chanjo ndiyo inaitaka, na hapo serikali ya jimbo haina pa kujificha: chanjo ya surua ya watoto inafika Kabambare kwa pikipiki, ndani ya sanduku la barafu. Ya mbuzi inaweza kupanda pikipiki ileile.