Mpeni jina lake!

Jamani, hili la semina ya juzi limegoma kunitoka. Eti ule mchoro wa Mabondia, wa Mfaransa Théodore Géricault, mwaka 1818, ni ushahidi kwamba sanaa iliwapa weusi na weupe usawa mapema kabisa. Nakataa.

Najua mnachokiona. Mweusi na mzungu wamekabiliana ngumi tupu, misuli kwa misuli. Hata rangi kazigeuza: mweusi kavaa suruali nyeupe, mzungu nyeusi. Kazi ni nzuri, sibishi. Ni lithografia, unachora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe halafu unapiga nakala kibao, na enzi hizo ufundi wenyewe ulikuwa mpya.

Ila huyo mweusi anaitwa nani? Kimya! Wengi hudhani ni Tom Molineaux, Mmarekani aliyezichapa mara mbili na bingwa wa Uingereza, Tom Cribb. Desemba 1810 walipita raundi 30, na mpaka leo watu wanabishana kama Molineaux hakudhulumiwa. Septemba 1811 akavunjwa taya, pambano likaisha raundi ya 11. Akafa fukara kule Galway, Ireland, mwaka huohuo wa 1818. Géricault mwenyewe alikuwa hajafika London; alikwenda 1820.

Sasa mwangalieni Robert Dighton, mchora vikaragosi wa London. Alimchora Bill Richmond, bondia mwingine mweusi, mwaka 1810, na Molineaux mwaka 1812, na majina yao akayaweka kwenye chapa. Alikuwa anatafuta hela, si mtetezi wa mtu. Lakini mnunuzi alijua anamtazama nani.

Mtasema hata mzungu wa Géricault hana jina. Sawa, ila Cribb hakuhitaji kutajwa na mchoraji: kaburini kwake Woolwich kuna simba mkubwa wa mawe. Molineaux ana nini? Ukimfuta jina mtu wa namna hiyo, unamfuta mwenyewe.

Halafu Ufaransa ilishikilia watumwa kwenye makoloni yake mpaka 1848. Usawa wa kwenye suruali ulimsaidia nani?

Sifieni mistari, sifieni kivuli na mwanga. Usawa msiutaje mpaka mmetaja majina.

Nawasilisha. Mnaobisha, tukutane kantini, chai juu yangu.