Nani Astahili Kuitwa Bingwa wa Zama Zote?



Kwa muda sasa, kila jioni tutokapo kazini, pamekuwa na mabishano makali kilabuni juu ya mabondia wa siku hizi: ni yupi kati yao astahiliye kuwekwa safu moja na Joe Louis, Sugar Ray Robinson na Muhammad Ali? Mabishano haya si mabaya, maana huchangamsha akili iliyochoshwa na hesabu za mchana. Lakini tumeona kwamba wengi wetu hutoa hukumu kwa kutazama jambo moja tu: alishinda mara ngapi, akashindwa mara ngapi. Mwenye sifuri huvikwa taji. Aliyeanguka huwekwa kando. Sisi hatukubaliani na hukumu hiyo, na twaomba ruhusa ya kueleza sababu zetu.

Sisi makarani twajua kuliko watu wengi kwamba daftari safi si ushahidi wa kazi kubwa. Yuko mtu ambaye faili lake halina doa kwa kuwa hakupata hata siku moja kukubali kazi ngumu. Ndivyo ilivyo ulingoni pia. Rocky Marciano aliacha ngumi mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano 49 bila kushindwa. Robinson alishindwa mara 19, na hata hivyo wajuzi wengi wa mchezo huu humtaja yeye kwanza. Mwezi wa Februari 1943 alishindwa na Jake LaMotta, mtu mzito kuliko yeye; kabla mwezi ule haujaisha alirudi ulingoni na mtu yule yule, akamshinda. Walikutana mara 6, Robinson akashinda 5. Louis naye aliangushwa na Max Schmeling mwaka 1936. Mwaka 1938 alimmaliza katika raundi ya kwanza.

Wala wingi wa mikanda usitudanganye. Zamani madaraja makuu ya uzito yalikuwa 8, na kila daraja lilikusudiwa kuwa na bingwa mmoja. Henry Armstrong mwaka 1938 alishika madaraja matatu kwa wakati mmoja. Leo madaraja yanayotambuliwa na vyama vyote vinne vikubwa ni 17. Zidisha, utapata mikanda 68. Kwa hiyo mtu kuitwa bingwa wa dunia siku hizi ni mwanzo wa maswali, si mwisho wake.

Maswali yetu ni matatu. Je, alikutana na walio bora wakati walipokuwa bora? Je, alithubutu kuwafuata kwao, au katika uzito wao? Na siku alipozidiwa, alifanya nini?

Tumwanzie Floyd Mayweather, aliyemaliza mwaka 2017 na ushindi 50 bila kushindwa. Ustadi wake wa kujikinga hauna mfano katika siku zetu. Lakini pambano lake na Manny Pacquiao, lililozungumzwa tangu mwaka 2009, lilifanyika Mei 2015, yeye akiwa na miaka 38 na mwenzake 36. Na huyo wa 50, Conor McGregor, hakuwa amepigana ngumi za kulipwa hata mara moja. Twamkubali Mayweather kwa ajili ya Diego Corrales mwaka 2001 na Canelo Álvarez mwaka 2013. Hiyo 50 hatuihesabu kuwa hoja.

Pacquiao mwenyewe alitwaa ubingwa katika madaraja manane. Mwaka 2012 Juan Manuel Márquez alimlaza kifudifudi katika raundi ya 6, watu wakasema amekwisha. Mwaka 2019, akiwa na miaka 40, alimshinda Keith Thurman, ambaye hadi siku ile alikuwa hajashindwa. Huyo twamkubali bila kusita.

Oleksandr Usyk wa Ukraine alijibu swali letu la pili kuliko wote. Alimshinda Głowacki nchini Poland, Huck mjini Berlin, Briedis mjini Riga, Gassiev mjini Moscow, Bellew mjini Manchester na Joshua mjini London: kila mmoja mbele ya watu wake. Kisha Mei 2024 alimshinda Tyson Fury, akakusanya mikanda yote minne ya uzito wa juu, na Desemba ya mwaka huo akamshinda tena. Terence Crawford alishika mikanda yote katika ratili 140 na 147, na Septemba 2025 alipanda hadi ratili 168 kumfuata Canelo, akamshinda. Naoya Inoue wa Japani aliangushwa na Luis Nery katika raundi ya kwanza, Mei 2024. Aliinuka, akammaliza katika raundi ya 6. Kuteleza si kuanguka. Hawa watatu nao wamo.

Fury je? Alipoinuka katika raundi ya 12 mbele ya Deontay Wilder mwaka 2018 alitustaajabisha, na mwaka 2020 alimshinda. Lakini alipokutana na aliye bora wa zama zake alishindwa mara mbili. Ni bingwa wa siku zake. Kumweka juu zaidi ni kumsifu mgema.

Kuna sababu kubwa zaidi ya kutoliamini daftari peke yake. Sam Langford, mtu mweusi mzaliwa wa Kanada, hakupewa kamwe nafasi ya kupigania ubingwa wa dunia wa uzito wa juu, ijapokuwa wengi humhesabu miongoni mwa wakubwa kabisa. Hata Jack Johnson, mweusi mwenzake, baada ya kutwaa ubingwa mwaka 1908 hakukubali kupigana naye tena. Na Johnson aliposhindwa mwaka 1915, ilipita miaka 22 kabla ya mtu mweusi mwingine, Joe Louis, kuruhusiwa kuupigania mwaka 1937. Harry Wills aliusubiri mlango huo ufunguliwe mpaka nguvu zikamwisha. Ukitafuta majina ya Langford na Wills katika orodha ya mabingwa wa uzito wa juu, huyaoni.

Basi, ndugu wanachama, tunapowapima hawa wa leo, tusiwape jina hili kwa bei rahisi. Walinyimwa wengine waliolistahili, na sisi twajua maana ya kustahili cheo na kunyimwa. Atakayetupinga na atuandikie kabla ya toleo lijalo, lakini asituletee sifuri peke yake. Atuambie bondia wake alipigana na nani, wapi, na lini.

Sisi wenzenu katika kazi.