Mtaka Yote kwa Alasiri Moja

Ukitaka kumchosha mgeni huku ukijisifu kwamba umemkirimu, mwandikie ratiba ya mahali kumi kwa saa nne. Nimeziona ratiba za namna hiyo mara nyingi mno hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, mikononi mwa viongozi wa vikundi vinavyoshuka botini kutoka Dar es Salaam: wageni wa harusi, walimu, akina mama wa vyama vya kuweka na kukopa. Saa nane kamili Darajani, saa nane na robo Mkunazini, saa nane na nusu Ngome Kongwe, na kadhalika mpaka mstari wa mwisho usemao "chakula". Ratiba hizo zinafaa kwa mizigo. Kwa watu ni dhuluma, na nasema hivyo nikijua kwamba wanaoziandika wana nia njema.

Tuchukue Mkunazini peke yake. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa, lililofungwa baada ya Sultani Barghash kukubali mkataba wa Juni 1873. Juu ya uwanja huo Waanglikana walijenga kanisa chini ya Askofu Edward Steere, na nje yake ipo sanamu iliyowekwa mwaka 1998: watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni. Wageni wengi wa vikundi ninavyovisema hutoka bara, na ni bara walikotolewa watu waliouzwa hapa. Pengine mmoja wao anamtazama babu wa babu yake. Nimemsikia kiongozi wa msafara akipiga makofi mahali hapo: "Pigeni picha upesi, tumechelewa!" Tumechelewa kwenda wapi, ndugu zangu? Ni duka gani la vinyago lenye haki ya kutuharakisha tuondoke kwenye shimo lile?

Najua jibu linalotolewa. Watu wametoa nauli, wasipoona kila kitu watanung'unika. Tena wapo wanaoniambia kwamba majengo yenyewe hayangoji: sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wakafa. Hoja hii ya pili ina uzito, siibezi. Lakini jengo haliokolewi na mtu aliyelipita mbio. Huokolewa na watu waliokaa nalo, wakalipenda, wakarudi kwao wakaulizia habari zake. Anayepitishwa mahali kumi harudi kwao na mahali hata pamoja; hurudi na malengelenge.

Zaidi ya hayo, waandishi wa ratiba husahau kwamba kikundi hutembea kwa mwendo wa yule mwenye magoti mabovu. Wamsahauye humwacha kwenye baraza ya watu, peke yake, akilinda mikoba. Husahau pia jua la saa nane, na sala za alasiri na magharibi, kana kwamba mji huu hauna saa zake wenyewe.

Chakula ndicho kinachoniudhi zaidi. Kikundi hupelekwa kula saa kumi na moja katika hoteli, bafe ya wali na kuku ambayo wangeipata popote duniani. Wakati huo huo, pale Forodhani, wauzaji wanapanga meza na kuwasha makaa: mishikaki, pweza, mkate wa ufuta, urojo, maji ya muwa yenye tangawizi na ndimu. Jua likishazama, mji wenyewe unakwenda kula huko, wazee kwa watoto. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji gani anapona ikiwa shilingi ya mgeni haimfikii mkaanga mihogo? Mwenye tumbo jepesi na achague kinachotoka motoni mbele ya macho yake, atakuwa salama zaidi.

Ratiba yangu ni fupi. Anzeni saa kumi, baada ya sala, Mkunazini, na mkae saa nzima. Kisha shikeni vichochoro polepole mpaka Soko Muhogo, mkanywe kahawa chungu pale Jaws Corner na kusikiliza wazee wakibishana siasa. Fikeni Forodhani kabla ya magharibi, muwatazame vijana wanavyojirusha baharini, wenye kusali wasali, ndipo mle. Mwendo wote haufiki hata kilomita mbili. Mahali pawili, kahawa, na mlo mmoja.

Watakaonung'unika kwamba hawakuona makumbusho wala soko, waambieni wabaki kesho au waje tena. Mgeni anayeondoka akiwa bado na hamu amekirimiwa kuliko yule aliyeshibishwa majina ya mitaa asiyoikumbuka.