Daftari la Saiba na Hotispoti ya Tseikuru

UKUMBI WA MWENDE
Na Mwende Kithome

Serikali ya Kenya imehamia mtandaoni, wala haikutuuliza kama tunayo nauli ya kuifuata huko. Cheti cha kuzaliwa, leseni ya udereva, cheti cha mwenendo mwema, mkopo wa HELB, nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, ajira ya ualimu: vyote hivi siku hizi huombwa mtandaoni. Mnamo Juni 2023 Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na idadi hiyo imekuwa ikipanda tangu hapo. Sina ugomvi na hilo. Mtu aliyewahi kudamka Tseikuru, akapanda gari kupitia Kyuso hadi Mwingi na kuunganisha hadi Kitui mjini kufuata muhuri mmoja, kisha akaambiwa mwenye muhuri yuko mkutanoni, hawezi kuzililia foleni za zamani.

Ugomvi wangu uko kwenye daftari.

Ingia saiba yoyote ya soko dogo huku kwetu Ukambani, utaliona kando ya printa. Ni daftari la kawaida la shule, pembe zimejikunja. Ndani yake mna majina ya watu, namba za vitambulisho, PIN za mamlaka ya ushuru (KRA), barua pepe, na mkabala wa kila barua pepe, nywila. Mwenye saiba si mwizi. Anajua tu kwamba mteja wake atasahau, na kwamba mwakani atarudi na swali lile lile. Vijana wengi hata hiyo barua pepe walifunguliwa na saiba, siku walipokuwa wakihangaikia chuo, na hawajawahi kuifungua wenyewe. Makataa ya ritani za ushuru, tarehe 30 Juni, yanapokaribia, daftari hilo ndilo linalobeba kijiji. Hata asiye na kipato, mradi ana PIN, hudaiwa ritani ya sufuri, na anayechelewa hupigwa faini ya shilingi 2,000. Hapo ndipo utamsikia kijana wa saiba akimwuliza susu, nyanya wa watu, "Susu, nitajie namba ya kitambulisho," na susu anaitaja kwa sauti kubwa kwa kuwa masikio yake mwenyewe yamechoka, na foleni nzima inaisikia.

Tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na tunaye Kamishna wa kuisimamia. Sidhani sheria hiyo iliandikwa ikiwa na daftari hili akilini.

Ndiyo maana naandika juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo: laptopu inayogawa intaneti. Katika saiba hiyo hiyo, kijana akibofya mahali pamoja tu, tarakilishi yake inaweza kuwarushia mtandao watu wanane kwa mpigo kupitia Wi-Fi. Mwenye simu ya kisasa anakaa kwenye benchi la nje, anaingiza nywila ya hotispoti, anafungua eCitizen yake kwa kidole chake mwenyewe. Analipia mtandao, halipii mtu wa kumwandikia. Namba yake ya kitambulisho haitoki kinywani, wala haiingii kwenye daftari. Ukiona alama ya kufuli juu ya ukurasa, mwenye laptopu anaweza kujua kwamba umetembelea tovuti ya KRA, ila hawezi kusoma ulichoandika humo. Kati ya kumpa mtu hotispoti na kumfanyia kazi kwenye mashine yako kuna umbali mkubwa sana wa heshima, na umbali huo haugharimu hata kifaa kimoja kipya.

Jambo lenyewe si geni. Windows iliweza kugawa intaneti kwa waya tangu toleo la pili la Windows 98, mwaka 1999. Mwaka 2009 Windows 7 ikaweza kuigawa bila waya, ila mtumiaji alilazimika kuandika amri ndefu kwenye kidirisha cheusi, kwa hiyo likabaki jambo la mafundi. Mwaka 2016 Windows 10 ikaleta kitufe chake, na hapo ndipo likawa la kila mtu. Lakini nimeona saiba nyingi ambazo kitufe hicho hakijawahi kuguswa. Wengine hawakijui. Wengine wanakijua vizuri sana na wanakikwepa, kwa sababu kumfanyia susu ritani kuna malipo mazuri kuliko kumwuzia nusu saa ya mtandao.

Msomaji wa Nairobi ataniuliza: kwa nini laptopu, wakati kila simu ina hotispoti? Swali zuri, na jibu lake ni jiografia. Kaunti ya Kitui ina eneo la zaidi ya kilomita mraba 30,000, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 1,136,187. Nairobi ina watu karibu mara nne ya hao katika eneo la kama kilomita mraba 700. Mwekezaji wa minara akipiga hesabu hiyo anajua aende wapi. Huku kaskazini, ukielekea Mto Tana, mawimbi ya simu hayaenei sawasawa. Yanapatikana kwa sehemu, na aliyekaa sehemu hiyo ana bahati. Modemu ya USB unaweza kuipa waya mrefu, ukaitoa nje, ukaifunga kwenye mti wa antena juu ya paa inakodaka mawimbi, huku laptopu ikibaki kivulini ikigawa. Simu ukiifunga juu ya paa la mabati saa saba mchana, jua la Tseikuru litakurudishia kitu ambacho hakiwaki. Tena betri ya simu inayogawa mtandao huisha upesi, na mwenye simu anaihitaji kwa M-Pesa.

Mabati nayo yana visa vyake. Duka la kuta za mabati linazuia Wi-Fi vibaya mno, kwa kuwa chuma hurudisha mawimbi yalikotoka. Jengo la matofali ya udongo linayapitisha kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo fundi anayeelewa huiweka laptopu karibu na mlango au dirisha, huchagua masafa ya GHz 2.4 badala ya 5 kwa kuwa ya 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta, na huzima ile hali ya tarakilishi kulala, maana ikilala, wote nane wanabaki gizani katikati ya fomu. Na kabla ya yote huiambia Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Asipofanya hivyo, tarakilishi itaanza kujisasisha kimyakimya, bando la wiki liishe kabla ya chai ya saa nne, na wateja waanze kulaumiana nani ametazama video.

Hapo kwenye bando ndipo roho inaponiuma. Bando la bei nafuu hufa usiku wa manane hata kama nusu yake haijaguswa. Mtu aliyelipia gigabaiti moja na kutumia robo tatu, robo iliyobaki ni mali yake au si mali yake? Kama ni yake, kumpa jirani kupitia hotispoti si hasara ya kampuni yoyote; kampuni ilishalipwa. Kama si yake, basi alichouziwa kiitwe kwa jina lake halisi, ukodishaji wa saa chache. Waliowahi kuuza ndengu kwa dalali wanaijua biashara ya namna hii.

Sasa, yupo anayesema serikali inalishughulikia. Imeahidi maeneo 25,000 ya Wi-Fi ya umma, kilomita 100,000 za mkongo wa nyuzi, na kituo cha kidijitali katika kila wadi kati ya wadi 1,450 za nchi. Kitui ina wadi 40, na Tseikuru ni mojawapo. Nayaunga mkono yote hayo. Ila nauliza swali la mtu wa mashambani: kituo hicho kitafunguliwa saa ngapi, na kitafungwa saa ngapi? Mkulima anayerudi kutoka shambani saa kumi na moja hapati ofisi ya serikali ikiwa wazi. Mawimbi ya Wi-Fi hayana saa za kazi. Shule yenye mtandao, zahanati yenye mtandao, ofisi ya chifu yenye mtandao, zote zinaweza kuruhusu mawimbi yafike hadi kwenye benchi la nje baada ya lango kufungwa, kwa nywila inayobadilishwa kila wiki na kikomo cha matumizi. Hilo halihitaji utepe wa kukatwa na mgeni wa heshima, na labda ndiyo sababu halifanyiki.

Shule za msingi za umma hasa zinanishangaza. Mpango wa tabuleti ulipoanza mwaka 2016, haukuleta tabuleti peke yake. Ulileta pia kisanduku chenye masomo ndani yake, kinachoyarusha kwa Wi-Fi darasani bila intaneti yoyote. Yaani aliyeubuni mpango ule alikwishaelewa kwamba mahali penye mtandao haba, dawa ni kushusha kitu mara moja na kukigawa hapo hapo. Laptopu ya mwalimu inaweza kufanya kazi hiyo hiyo: shusha mtaala na mitihani ya zamani usiku mmoja, washa hotispoti, darasa zima lisome kwenye mtandao wa ndani na bando lisiguswe tena. Ni shule ngapi zinaendelea kukitumia kisanduku chao, mzazi unaweza kwenda kuuliza. Ufunguo wa kabati utakuwa kwa mwalimu mkuu.

Waliowahi kugawa muunganisho mmoja kwa kijiji kizima wapo, na wengine walikuwa hapa hapa Kenya. Marehemu Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja kule Nakuru, alijulikana hadi ng'ambo karibu mwaka 2012 kwa kutangaza mambo ya eneo lake kupitia Twitter: mifugo iliyopotea, wizi, mikutano. Wananchi wake wengi walikuwa na simu za kabambe tu. Ujumbe uliwafikia kwa SMS. Aliyeunganishwa alikuwa mmoja; waliofaidika walikuwa wengi. Kibera kuna TunapandaNET, mtandao wa jamii unaounganisha shule na vikundi vya vijana kwa Wi-Fi ya masafa marefu. Gulu, kaskazini mwa Uganda, shirika la BOSCO liliunganisha kambi za wakimbizi wa ndani kwa njia kama hiyo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyengoja mkongo umfikie mlangoni.

Na sisi Wakamba hatuhitaji kufundishwa kugawana. Mabwawa ya mchanga yanayotupa maji kiangazi, mengi yalijengwa na vikundi vya mwethya, watu wakibeba mawe kwa zamu. Shirika la SASOL lilipoingia kazi hiyo Kitui miaka ya 1990 lilikuta mikono ikiwa tayari. Hakuna aliyemwuliza jirani akichota maji kwenye bwawa kama ana leseni ya kuchota. Nataka intaneti ya kijiji ichukuliwe vivyo hivyo.

Hesabu yake si ngumu. Starlink ilianza kuuza huduma Kenya Julai 2023, na kifurushi chake cha kawaida cha nyumbani kimekuwa shilingi 6,500 kwa mwezi. Familia moja ya Tseikuru haiwezi. Familia ishirini zikichanga, kila moja inatoa shilingi 325. Lakini masharti ya kifurushi cha nyumbani hayaruhusu kuuzia wengine, na sheria yetu ya mawasiliano ya mwaka 1998 inamtaka yeyote anayetoa huduma kwa umma awe na leseni. Kwa hiyo mama anayewagawia majirani na kupokea mchango wao amesimama mahali pabaya kisheria, ilhali anafanya kazi ambayo serikali imeiahidi na haijaifikisha kwake.

Nakubali leseni ina maana yake. Mtu akitenda uhalifu kupitia hotispoti yako, polisi watabisha kwako kwanza. Ndiyo maana kila anayegawa aweke nywila, aijue orodha ya waliounganishwa, na asimpe mpita njia asiyemfahamu. Hilo ni jukumu la kawaida ambalo kikundi chenye mwenyekiti na mweka hazina kinaweza kulibeba.

Tena Mamlaka ya Mawasiliano ilikwishalifikiria. Mwaka 2021 ilitoa mwongozo wa leseni za mitandao ya jamii, maalumu kwa vikundi visivyotafuta faida, kwa masharti mepesi kuliko ya kampuni kubwa. Ni mwongozo mzuri na nauheshimu. Tatizo ni kwamba umekaa kwenye tovuti ya Mamlaka, kwa Kiingereza, kwa hiyo kikundi cha Tseikuru kinachotaka ruhusa ya kuleta intaneti kijijini lazima kwanza kitafute intaneti. Mamlaka ichapishe fomu hizo kwa Kiswahili na Kikamba, izipeleke kwa machifu kwenye karatasi, na imtume afisa mmoja siku ya soko akae chini ya mti na muhuri wake mkononi. Soko lina watu tangu asubuhi. Hatakosa wa kuzungumza naye.