Chavua Ingojayo: Mhazeli na Somo la Uchavushaji

Lipo kosa ambalo halitaki kutoka katika daftari za bayolojia. Mwanafunzi akiulizwa uchavushaji ni nini, hujibu kwamba ni kuungana kwa mbegu ya kiume na yai. Husahihishwa, naye hulirudia kosa lile lile katika mtihani ufuatao. Si haki kumlaumu yeye peke yake. Katika mhindi, mmea anaoujua kuliko wote, chavua ikitua juu ya ndevu utungisho hutimia kwa muda wa kama siku moja. Mwalimu husema, "kwanza hili, kisha lile," na darasa husikia jambo moja lenye majina mawili.

Upo mti wa nchi za baridi unaoyatenga mambo hayo mawili waziwazi, nao wastahili kuingizwa katika somo hili. Ni mhazeli, ambao jina lake la kisayansi ni Corylus avellana. Asili yake ni Ulaya na Asia ya Magharibi, na mara nyingi huwa kichaka chenye mashina mengi kuliko mti mrefu. Njugu zake zimejaa mafuta, kiasi cha sehemu sita katika kumi za uzito wa kiini. Hukaangwa kama karanga, kisha husuguliwa katika kitambaa zipate kuambuka ngozi, na harufu yake nzuri huzidi kwa moto. Huko Torino, Italia, mafundi wa karne ya 19 walizisaga na kuzichanganya na kakao, na chokoleti ya kupaka mkate iuzwayo leo katika maduka ya Dar es Salaam na Nairobi ni mjukuu wa mchanganyiko huo. Wengi basi wameionja hazeli pasipo kuujua mti wake.

Mhazeli huchanua wakati miti jirani imelala. Baina ya Desemba na Machi, matawi yakiwa hayana hata jani moja, maua ya kiume huning'inia kama mikia myembamba ya manjano, na upepo ukiyatikisa humwaga chavua. Ua la kike ni rahisi kumpita mtazamaji: ni tumba dogo lenye nyuzi chache nyekundu zilizochomoza nchani. Chavua ikitua juu ya uzi huota, ikatoa mrija, na mrija ukashuka hadi chini ya uzi kwa siku chache. Hapo safari husimama. Yai la kupokea mbegu ya kiume halijakuwapo bado; hata ovari haijaumbika. Mrija hungoja miezi minne au mitano, theluji ikayeyuka na majani yakachipua, ndipo mnamo Mei au Juni ovari ikawa tayari na utungisho ukatimia. Mwanafunzi ashikiliaye kwamba uchavushaji ndio utungisho na aulizwe mti huu ulikuwa ukifanya nini mwezi wa Aprili.

Wala tofauti hiyo si ya kujibia mtihani tu. Zaidi ya nusu ya hazeli za dunia hutoka Uturuki, hasa katika pwani ya Bahari Nyeusi. Mwishoni mwa Machi 2014 baridi kali iliipiga pwani hiyo. Uchavushaji ulikuwa umekwisha, lakini utungisho ulikuwa bado, na machipukizi laini yaliyobeba mwanzo wa ovari yaliungua. Mavuno yakapungua sana, na bei ikapanda kwa wanunuzi wa dunia nzima. Aliyezihesabu njugu kwa kutazama chavua alihesabu mapema mno.

Zaidi ya hayo, mhazeli huikataa chavua yake mwenyewe na ya miti ya aina yake. Mkulima hana budi kupanda miti michache ya aina nyingine ili itoe chavua tu. Katika jimbo la Oregon, Marekani, mti mmoja wa namna hiyo ulikuwa Gasaway, ambao kwa njugu hauna sifa. Ugonjwa wa kuvu ulipoingia mashambani humo katika miaka ya 1980 na kuanza kuua miti, ilidhihirika kwamba Gasaway una jeni la kuukinza. Watafiti wa chuo kikuu cha jimbo hilo walilihamishia katika aina mpya, kama Jefferson iliyotolewa mwaka 2009, na kilimo kikanusurika.

Watakuwapo wasemao kwamba mfano wa kigeni humkanganya mwanafunzi. Hoja hiyo ina uzito, na kweli vitabu vimewahi kujaa maua ambayo hakuna mtoto wa Tabora aliyepata kuyaona. Lakini mhazeli hauji kuuondoa mhindi; waja kuufafanua. Mimea yote miwili ina maua ya kiume na ya kike mbalimbali juu ya mmea mmoja, na yote huchavushwa na upepo.

Shamba la shule laweza kuonyesha yaliyobaki. Mahindi machanga matatu na yafunikwe kwa mifuko ya karatasi kabla ndevu hazijatoka. La kwanza lisifunuliwe kamwe. Ndevu zikiisha kutoka, la pili na la tatu yafunuliwe na kupakwa chavua mbichi kutoka mbelewele za mhindi mwingine, kisha la pili lifunikwe tena. La tatu liachwe kwa nusu saa, ndevu zake zikatwe karibu kabisa na maganda, nalo lifunikwe kwa mfuko mpya. Wiki tatu baadaye la pili litakuwa na punje. La tatu, lililochavushwa kama mwenzake, litakuwa gunzi tupu, au lenye punje za kuhesabika.